Mwanangu, kuhusu kuchagua macho

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema muda wa kuomba uzamili umekaribia, wenzako huko Nakuru wanakutania kwamba macho ni kazi ya starehe isiyo na simu za usiku, halafu ukaniuliza: "Mama, kutoa mtoto wa jicho miaka yote hii, hukuchoka?" Kwa simu ningekukatiza kama kawaida yangu, kwa hiyo naandika.

Shingo imechoka. Mgongo pia. Kukaa kichwani pa mgonjwa umeinamia hadubini, mguu kwenye pedali, vidole tu ndivyo vinavyotembea, kunakula mwili polepole. Kahawa siku ya thieta nimeiacha zamani. Na miwani ya kusomea navaa, ucheke utakavyo.

Lakini operesheni yenyewe haijanichosha. Wazee wetu wa huku wanakuja wakiwa wamesubiri mpaka mtoto wa jicho amekomaa, rangi ya kahawia, mgumu. Unafungua njia ndogo kwenye weupe wa jicho, milimita 6 au 7, unaipitisha kwa mshazari ili baadaye ijifunge yenyewe bila uzi. Unafungua kifuko cha lenzi kwa mbele, unaizungusha hiyo lenzi iliyoingia ukungu mpaka ilegee, unaitoa. Nyuma unabaki utando wenye unene wa mikroni 4 hivi, na huo ndio utakaoegemewa na lenzi mpya. Ukitoboka, ute wa nyuma unakuja mbele, na kazi ya robo saa inageuka kuwa ya saa nzima. Mgonjwa naye, kwa kuwa umemdunga ganzi tu, anakusikia. "Daktari, mbona umenyamaza?" Hapo ndipo utajua kama una mkono wa kazi hii au huna. Mimi nilianzia kwenye macho ya mbuzi kutoka buchari, na hakuna mbuzi aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Hiyo lenzi usiione jambo dogo. Harold Ridley, daktari wa macho Mwingereza, aliona vipande vya plastiki ya ndege vikikaa ndani ya macho ya marubani wa vita bila kuyadhuru, ndipo mwaka 1949 huko London akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo ulitolewa mtoto wa jicho ukapewa miwani mizito kama kitako cha chupa.

Simu za usiku ni chache, kweli. Ila zikija, zinakuja na fundi wa jua kali wa Kibuye aliyerukiwa na chuma, au mtoto aliyechomwa na kijiti. Na ukifanya kazi huku magharibi, utakutana na miwa. Jani linamkwaruza mkataji kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, anaona ni jambo la kupita. Kuvu inaingia. Anaenda dukani, anauziwa matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, wekundu unapungua, anashukuru, na wakati huo kuvu inakula kwa raha. Anakufikia wiki kadhaa baadaye na doa jeupe katikati ya jicho. Unamwandikia matone ya kuua kuvu kila saa, mchana na usiku, na unajua hata akipona kovu litabaki. Mwenye kukuambia hiyo ni starehe mpeleke Muhoroni.

Na presha ya macho, glakoma. Hii inanikosesha usingizi kuliko simu yoyote. Mwalimu mstaafu anaingia, amevaa tai, anadhani anahitaji miwani mipya tu. Unatazama neva ya macho, imekwisha. Upasuaji na matone vitalinda kilichobaki, kilichopotea hakirudi. Lazima umwambie hivyo, kwa Kiswahili anachokielewa, na mkewe akiwa pale pale.

Sasa nije kwenye kilichonichosha hasa. Mama mmoja wa Ahero, mkulima wa mpunga, aliletwa akishikwa mkono, macho yote mawili yamefunga. Nilipombandua bendeji asubuhi yake alimtazama mwanawe juu mpaka chini akasema, "Umenileta mjini na kola imechanika hivyo?" Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kwamba walijua kuna matibabu, tena kwa miaka. Nauli ilikuwa shida, nani abaki na ng'ombe ilikuwa shida, na jirani alishawaambia kwamba daktari hulitoa jicho, akaliosha, akalirudisha. Operesheni ya robo saa, safari ya miaka! Hilo ndilo limenichosha, na ndilo la kujiuliza kabla ya kuomba.

Yule Venkataswamy, daktari wa macho wa India, vidole vyake vilipindwa na ugonjwa wa viungo, alistaafu serikalini, na mwaka 1976 akaanzisha hospitali ya macho ya Aravind kwa vitanda 11. Upasuaji wao unasifiwa, lakini mimi namsifu zaidi kwa kuwafuata wagonjwa vijijini na kuwafanya wenye pesa wabebe gharama za wasio nazo. Na hapo Nakuru kwenu, daktari wa macho Andrew Bastawrous alizunguka na vifaa vizito kupima watu vijijini ambako umeme haukuwepo, mpaka yeye na wenzake wakatengeneza Peek, programu ya kupima macho kwa simu. Baadaye walimu wa Trans Nzoia waliitumia kupima wanafunzi.

Pesa utapata. Si za kuringia ukibaki hospitali ya umma, ila hutalala njaa.

Mwezi ujao tuna kambi ya macho karibu na Chemelil. Ukipewa ruhusa, njoo. Thieta sitakuingiza. Nitakuweka kwenye meza ya mbele, wewe na chati ya herufi E, uongee na wanaokataa kupasuliwa na kuwauliza kwa nini. Niambie mapema kama utakuja, gari linatoka Kisumu saa kumi na moja alfajiri na dereva hamngoji mtu, hata mtoto wa daktari.

Mama yako