Kwa nini kondo la nyuma linategemea androjeni za kijusi

Kondo la nyuma haliwezi kutengeneza estrojeni (homoni za kike) lenyewe kuanzia kolesteroli. Halina kimeng'enya cha CYP17A1, kinachogeuza projesteroni kuwa androjeni (homoni za kiume, ambazo ndizo malighafi ya estrojeni), kwa hiyo likifika kwenye projesteroni linakwama. Androjeni lazima liletewe. Tezi za adrenali za kijusi (na za mama pia) hutoa DHEA-S (androjeni dhaifu iliyounganishwa na salfeti), na sehemu kubwa ya ile ya kijusi huongezewa hidroksili kwenye kaboni ya 16 ndani ya ini lake. Kwenye kondo, kimeng'enya cha salfatesi huondoa salfeti, kingine, 3β-HSD, hufuata, kisha aromatesi, kimeng'enya kinachogeuza androjeni kuwa estrojeni, hung'oa kaboni ya 19 kwa hatua 3, kila moja ikila oksijeni na NADPH (molekuli inayotoa elektroni). DHEA-S iliyopitia ini la kijusi huishia kuwa estrioli, mojawapo ya estrojeni.

Aromatesi ikikosekana, androjeni hufurika: mama huota ndevu na kijusi wa kike huumbika sehemu za siri zinazoelekea kiume. Ikikosekana salfatesi, estrioli hushuka, bila androjeni kufurika hivyo.