Tumpeleke kwa nani: mshauri, mwanasaikolojia au daktari wa akili?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22 na alikuwa akisoma chuo cha ufundi hapa Arua. Kwa miezi miwili sasa halali usiku, amefunika dirisha la chumba chake kwa gunia, na anasema mtangazaji wa redio humtaja kwa jina. Baba anataka tumpeleke kwa mshauri aliyefungua ofisi karibu na paki ya teksi, ambaye anaahidi kumponya kwa vikao sita. Shangazi anasema atafutiwe mwanasaikolojia Kampala. Muuguzi wa kituo cha afya alituandikia barua ya kwenda kitengo cha akili cha hospitali ya mkoa, lakini tunasita, maana yeye si kichaa. Wataalamu hawa wanatofautianaje, na tuanzie kwa nani ili asije akachanganywa na vichaa?

Jibu: Dada yangu, nendeni na barua ya muuguzi, na mwende wiki hii. Ameona sawasawa, na miezi miwili mliyokwisha kuipoteza haiwezi kurudi. Mtu wa umri wa mdogo wako anapoanza kusikia asichosikia mwingine, kadiri anavyochelewa kutibiwa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Maneno yako ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikujibu kwa urefu. Karibu kila wiki huletewa swali hili, na ndani yake huwa mna dhana ile ile, kwamba wataalamu wa akili wamepangwa kwa viwango vya aibu: mshauri ni wa mtu yeyote mwenye heshima zake, mwanasaikolojia ni wa waliosoma wakalemewa na mawazo, na daktari wa akili ni wa yule aliyekwisha kuanza kuokota makopo barabarani. Familia ikishaamini hivyo huchagua mtaalamu kwa kupima aibu inayoweza kuivumilia, na ugonjwa wenyewe haupimwi na mtu. Dhana hii imenitesa kuliko upungufu wa dawa, kwa sababu dawa zikipungua huagizwa, lakini mgonjwa aliyefichwa nyumbani mwaka mzima hunifikia akiwa mtu mwingine.

Wataalamu hawa hutofautiana kwa kazi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza: amesoma udaktari miaka 5, akafanya mazoezi hospitalini mwaka 1, kisha akasomea akili miaka 3 zaidi. Urefu huo una sababu. Kijana anayeongea peke yake usiku anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya muda mrefu, VVU, tezi ya shingoni iliyoharibika, au anaweza kuwa anatafuna mairungi na kuvuta bangi bila nyinyi kujua. Mambo hayo hayajulikani kwa kuongea naye tu; hutafutwa kwa kumpima mwili na damu, na mtu asiye na ruhusa ya kuagiza vipimo hivyo hana njia ya kuyaona, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Madaktari bingwa ni wachache, na wengi wako Kampala, kwa hiyo hospitalini mkoani huenda akawapokea mtu kama mimi. Watu huniita daktari, nanyi mmeniita hivyo, lakini mimi ni afisa tabibu wa magonjwa ya akili, mwenye stashahada ya kazi hii. Nina ruhusa ya kumchunguza mgonjwa, kutambua ugonjwa na kumwandikia dawa, na anaponishinda humpeleka kwa bingwa au katika hospitali ya taifa ya Butabika, ambayo imekuwa ikipokea wagonjwa tangu mwaka 1955. Pamoja nasi wako wauguzi waliosomea akili, ambao ndio hukaa na mgonjwa muda mrefu zaidi, na maafisa wa ustawi wa jamii, ambao hufuatilia mambo ya nyumbani na shuleni.

Mwanasaikolojia tiba hakusomea udaktari, na haandiki dawa. Amesoma shahada, kisha shahada ya uzamili, na kazi yake ni kupima akili kwa vipimo maalumu na kutibu kwa mazungumzo yenye mpango. Shangazi yako hajakosea kumtaja. Amekosea zamu yake tu. Mtu asiyelala, anayeamini kuwa redio inamsema, hawezi kuketi saa nzima akayachunguza mawazo yake mwenyewe. Akishatulia, mazungumzo hayo yatamfaa sana, nami ningependa ayapate.

Kuhusu ushauri, asinielewe mtu vibaya. Nchi hii ya Uganda imejua thamani ya washauri tangu TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI, ilipoanzishwa mwaka 1987, wakati ambapo wagonjwa hao hawakuwa na dawa yoyote isipokuwa mtu wa kukaa nao. Huko Masaka na Rakai, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa kawaida wasio wataalamu wa afya walifundishwa kuongoza vikundi vya wagonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa wiki 16, na wagonjwa wakapata nafuu kubwa. Lakini watu hao walifundishwa kazi moja, kwa ugonjwa mmoja, wakisimamiwa na waliobobea. Hakuna aliyekodi chumba na kutangaza kwamba anaponya kila kitu.

Mwaka mmoja aliletwa kwangu kijana ambaye shingo yake ilikuwa imepinda kuelekea bega la kushoto, ulimi umetoka nje, macho yakitazama dari, na vifundo vya mikono vina alama za kamba. Mama yake alisema pepo limempanda, na walikuwa wametoka kwenye maombi ya siku tatu. Nilipouliza alichokula, alifungua kitambaa akanionyesha vidonge vya haloperidoli visivyo na jina wala kipimo, ambavyo mtu aliyejiita mshauri alikuwa akivinunua kwenye duka la dawa na kuagiza visagwe katika chai. Haloperidoli ni dawa nzuri ya magonjwa ya akili, nami huitumia, lakini ikitolewa bila kipimo inaweza kukaza misuli namna ile, hasa kwa kijana wa kiume. Tulimchoma sindano ya promethazini, na kabla ya nusu saa shingo ilikuwa imenyooka, akaomba maji. Siku tatu nzima alikuwa akiombewa aponywe madhara ya dawa.

Mkifika kitengoni mtakuta kwenye benchi walimu, waendesha boda boda, na akina mama wenye watoto wa kifafa, maana kifafa pia tunakitibu hapo. Wengi hupewa dawa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Bebeni kila dawa aliyokwisha kupewa, hata ya mitishamba, na uandike tarehe ulipoanza kuona mabadiliko. Akitamka kujidhuru au kumdhuru mtu, msingoje siku ya kliniki; mpelekeni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

Baba akiendelea kumtaka yule mshauri wa paki, usigombane naye. Nendeni pamoja mkamwulize mambo mawili. La kwanza, leseni yake ya mwaka huu na baraza au chama kilichomsajili. Sisi tunaoandika dawa tuna mabaraza yetu, na leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo karatasi ya zamani iliyotundikwa ukutani si jibu. La pili, mgonjwa akizidiwa usiku, humpeleka kwa nani? Mshauri wa kweli atawatajia hospitali na mtu anayefanya naye kazi huko, na akishasikia habari ya redio na dirisha lililofunikwa kwa gunia, atawaambia mwende huko kabla ya kurudi kwake. Akijibu kwamba wagonjwa wake hawazidiwi, ondokeni na barua yenu mkononi.