Faida ya kampuni na utajiri wa mwanahisa

Faida imepanda asilimia 12. Mbona bei ya hisa imeshuka siku matokeo yalipotangazwa?

Kwa sababu soko lilitarajia zaidi. Bei ya leo imeshabeba matarajio ya miaka ijayo. Kama wanunuzi walilipa wakitegemea asilimia 20, hiyo 12 kwao ni pungufu. Soma pia maelezo ya hesabu, maana faida iliyotokana na kuuza jengo haitajirudia mwakani.

Kampuni mbili zina faida ya asilimia 25 kwa mtaji wa wanahisa. Je, ziko sawa?

Hapana. Gawa kipimo hicho sehemu tatu zinazozidishwa: faida kwa mauzo, mauzo kwa mali, na mali kwa mtaji wa wanahisa. Kampuni ya kwanza inaweza kuwa 12.5% × 1 × 2. Ya pili 5% × 1 × 5. Zote zinafika 25%, lakini ya pili ina mali ya 500 kwa mtaji wa 100, na 400 ni madeni. Thamani ya mali ikishuka asilimia 10, nusu ya mtaji wake imeyeyuka, wakati ya kwanza imepoteza moja ya tano tu. Kipimo hiki kikitajwa peke yake, usikiamini.

Faida kwa kila hisa imeongezeka ilhali faida yote imepungua. Inawezekanaje?

Kampuni imenunua hisa zake yenyewe. Faida ya milioni 100 kwa hisa milioni 50 ni 2 kwa hisa. Ikikopa milioni 200, ikanunua hisa milioni 10 kwa bei ya 20, na riba baada ya kodi ikawa milioni 14, inabaki faida ya milioni 86 kwa hisa milioni 40: 2.15. Biashara haijauza hata bidhaa moja zaidi, na deni limeongezeka. Bonasi ya wakurugenzi ikifungwa kwenye kipimo hiki, kuwa macho.

Basi tuangalie nini?

Faida ya uendeshaji (kabla ya kutoa riba) baada ya kodi, ukitoa gharama ya mtaji wote, yaani riba ya mikopo pamoja na faida wanayotarajia wanahisa kwa fedha zao. Mtaji ukiwa milioni 1,000 na gharama yake asilimia 12, kampuni inapaswa kupata milioni 120. Ikipata 90, vitabu vitaonyesha faida, lakini utajiri wa milioni 30 umepotea. Kosa linalofanyika sana ni kutoa riba ya benki pekee, kana kwamba fedha za wanahisa ni za bure.

Nipimeje hisa zangu mwenyewe?

Ongezeko la bei jumlisha gawio (sehemu ya faida unayolipwa kama mwanahisa), gawanya kwa bei uliyonunulia. Ulinunua kwa 40, sasa ni 44, ukapata gawio la 2: 6 ÷ 40 = asilimia 15. Linganisha na fahirisi ya soko, yaani kipimo cha mwenendo wa hisa za soko kwa jumla, kwa miaka mitatu hadi mitano. Kama hisa moja iligawanywa kuwa mbili, gawa kwanza bei ya zamani kwa mbili.