Njia ya Lushoto hadi Mtae kwenye simu isiyo na mtandao

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Lushoto. Napeleka wageni Mtae kwa miguu, kupitia Magamba na Rangwi, siku nne. Njia nzima nimeirekodi kwa simu, na sasa natengeneza tovuti ili hata wanaotembea bila mwongozaji waipate. Nimekwama kwenye mambo matatu. Faili la njia ni zito, ukurasa unachelewa kufunguka. Njiani mtandao unakatika sehemu nyingi. Halafu jumla ya mita za kupanda inabadilika kila nikilifungua faili hilo kwenye programu nyingine. Je, niachane na tovuti nitengeneze programu ya simu?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Programu ya simu usiiguse kwa sasa. Itakudai matengenezo kila mifumo ya simu inapobadilika, na mgeni wa siku nne hana sababu ya kuibeba. Programu za ramani za Organic Maps na OsmAnd zipo tayari, zinapatikana bure, zinatumia data ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na zinafanya kazi pasipo mtandao. Kumbuka pia kwamba GPS ya simu haihitaji bando wala mnara, inapokea mawimbi ya setilaiti tu. Kinachopotea mtandao ukikatika ni ramani na maelezo, na vyote viwili mgeni anaweza kuvipakua akiwa bado Lushoto mjini. Kwa hiyo mpe faili safi la GPX, yaani faili la njia iliyorekodiwa kwa GPS, na kurasa nyepesi.

Tuanze na uzito. Simu ikirekodi nukta moja kila sekunde, saa sita kwa siku, siku nne zinatoa nukta 86,400. Kila nukta ina latitudo, longitudo, mwinuko na saa, yaani herufi mia moja hivi, kwa hiyo faili linakaribia megabaiti 9. Lifungue kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta ambayo ni ya bure, kisha tumia zana ya kurahisisha mistari kwa kanuni ya Douglas-Peucker. Kanuni hiyo hubakiza nukta zinazobeba umbo la njia na kuziacha zile ambazo zingekaa juu ya mstari ulionyooka. Ukiruhusu tofauti ya mita 5 hadi 10, faili litapungua sana na kona zako zitabaki. Ila angalia kipimo: GPX huhesabu kwa digrii, siyo mita. Ukiandika 10 ukidhani ni mita, utapata mstari mmoja kutoka Lushoto hadi Mtae kama uliochorwa kwa rula. Mita 10 huku kwetu ni digrii 0.00009 hivi. Desimali nazo, tano zinatosha, maana ya tano ni kama mita moja ardhini.

Kabla ya hapo, kata vipande vya mapumziko. Ukikaa chini kula, GPS haikai. Inazunguka zunguka pale pale na kukuongezea umbali ambao hukuutembea. Futa pia saa za kurekodi, na kama ulianzia nyumbani kwako, futa kipande hicho. Wageni hawana haja ya kujua mlango wako.

Jumla ya kupanda inabadilika kwa sababu kila programu ina namna yake ya kuhesabu. GPS hukosea mwinuko kuliko inavyokosea mahali ulipo. Programu inayojumlisha kila mtikisiko mdogo itakupa mlima mrefu kuliko ulioupanda, na inayolainisha kwanza itakupa mdogo. Nyingine hutupa kabisa mwinuko wa simu yako na kuchukua ule wa vipimo vya rada vilivyofanywa kutoka angani Februari 2000. Vipimo hivyo ni vizuri kwenye ardhi wazi, lakini ndani ya msitu kama Magamba rada hurudishwa na vilele vya miti kabla ya kufika chini. Chagua njia moja ya kuhesabu, itumie kwa siku zote nne, kisha zungusha namba kwenye mita 50 za karibu. Anayeandika mita 1,237 anadai uhakika ambao hana.

Mimi nguvu zangu ningezipeleka kwenye maelezo kuliko ramani. Mstari mtu yeyote anaweza kuurekodi. Lakini kijito kipi hukauka kabla ya vuli, kipande kipi huteleza wakati wa masika, na wapi njia inaingia shambani kwa mtu ikabidi kubisha hodi, hayo unayajua wewe. Kila taarifa ya maji, daraja, malazi au ada ya msitu iwe na tarehe iliyothibitishwa mara ya mwisho, ionekane pale pale kando yake. Chemchemi iliyoandikwa bila tarehe inaweza kumpeleka mtu mchana kutwa na chupa tupu.

Tovuti yenyewe iwe kurasa za kawaida zisizotegemea hifadhidata. Ramani ya kwenye ukurasa ichorwe kwa Leaflet, zana ya kuonyesha ramani kwenye tovuti, na usiache kuwataja wachangiaji wa OpenStreetMap, kwani leseni yao inataka hivyo. Usivute vipande vya ramani kwa wingi kutoka seva zao ili uvihifadhi, wamekataza. Njia ndogo zisizomo kwenye OpenStreetMap ziongeze mwenyewe. Zitaonekana kwenye Organic Maps na OsmAnd ramani zao zikisasishwa.

Hakikisha pia mpangilio wa namba. GPX hutaja latitudo na longitudo kwa majina, lakini GeoJSON, aina nyingine ya faili la ramani ambayo Leaflet huisoma, hutanguliza longitudo. Ukizigeuza, Lushoto inahamia Hispania, kaskazini ya Córdoba. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, ambayo huonyesha kusini mwa ikweta, inatua kusini mwa Ethiopia, upande wa Yabelo.

Ukimaliza, pakua kila kitu kwenye simu ya bei nafuu, weka hali ya ndege, iwashe upya, kisha mpe mtu asiyeijua njia aitafute chemchemi ya kwanza.