Dumu la akiba lisilale na watoto: maswali yenu ya safari

Shule zinakaribia kufunga, na maswali yanayonifikia hapa Tanga karibu yote yanafanana. Watu wameng'oa viti vya Noah na Hiace, wametandika magodoro, wengine wamefunga hema juu ya keria, wanataka kwenda kulala Saadani, Pangani au Lushoto kwenye baridi. Hofu yao ni moja: kuishiwa mafuta porini na familia ndani ya gari. Mimi ni fundi, na safari hizo nimeziendesha miaka mingi. Nimechagua maswali yanayogusa wengi.

Shikamoo fundi. Tuko watano, tunatoka Bagamoyo kwenda Pangani kwa njia ya Saadani. Noah yetu ni ya petroli. Baba watoto amenunua madumu mawili ya njano, yale ya mafuta ya kula, lita ishirini ishirini. Anataka kuyaweka nyuma chini ya kitanda cha watoto. Mimi harufu tu inanitisha. Nani yuko sahihi? – Mama wa watoto watatu, Bagamoyo

Marahaba mama. Uko sahihi wewe, na ninaomba baba watoto asome mwenyewe mpaka mwisho, kwa sababu kosa hilo nimewahi kulifanya mimi, na nilikuwa fundi tayari.

Nilikuwa natoka Korogwe kuja Tanga, binti yangu ana miaka sita, amelala nyuma karibu na dumu la petroli. Mdomo wa dumu nilikuwa nimeuziba kwa nailoni, mfuniko juu yake, kisha nikalizungushia kitambaa. Tulipofika Muheza mtoto alianza kutapika. Macho mekundu, kichwa anakishika kwa mikono miwili. Nilifungua mlango wa nyuma nikijua nitakuta petroli imemwagika. Nilikishika kile kitambaa: kikavu kabisa. Hata tone halikuwa limetoka. Nailoni peke yake ndiyo ilikuwa imetuna kama puto chini ya mfuniko. Tulikaa chini ya mwembe saa nzima mpaka akapata nafuu, na tangu siku hiyo sijabeba petroli mahali anapokaa mtu.

Petroli haihitaji kuvuja ili idhuru. Inatoa mvuke muda wote, na mvuke huo unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze joto letu la pwani. Tena ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatokea dirishani. Unatambaa sakafuni na kutulia chini, pale pale mlipotandika godoro. Hapo kinachohitajika ni mtu kuwasha jiko la gesi achemshe chai, au swichi moja mbovu itoe cheche. Dizeli ni pole zaidi, maana mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake unashika moto, lakini nayo isilale ndani, kwa harufu yake na kwa kuteleza ikimwagika.

Dumu la mafuta ya kula lina kuta nyembamba na mfuniko usioshika mvuke. Juani linavimba, barabara ya mawe inalipiga, mwisho linapasuka kwenye kona ya chini. Sheli nyingi zitakukatalia kulijaza, na wanafanya vizuri. Chombo cha mafuta ni jerikeni ya chuma yenye mfuniko wa kubana na mpira wake, au ile ya plastiki nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Ile ya chuma ilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani miaka ya 1930, na mishikio yake mitatu ina kazi: mtu mmoja anaweza kubeba mbili tupu kwa mkono mmoja, na watu wawili wakabeba moja iliyojaa.

Sasa ninavyowashauri. Kwa Noah msipite Saadani kabisa. Kutoka Bagamoyo shikeni lami hadi Msata, pandeni barabara kuu mpaka Segera, kateni kulia kuja Muheza na Tanga, halafu mteremke Pangani. Ni mzunguko, lakini sheli ziko njia nzima na hamtahitaji hata dumu moja. Mkishikilia kubeba, bebeni jerikeni moja ya lita kumi juu ya keria, imesimama wima, imefungwa kwa mkanda usiolegea, imefunikwa isipigwe jua. Msiifunge nyuma kwenye bampa, ambako gari likikugonga inakuwa ya kwanza kupasuka, wala karibu na bomba la moshi.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa kila mtu alifuate: tangi likipungua tu kiasi cha kupokea zile lita kumi, simameni mahali pa wazi, zimeni gari, watoto washuke, mimineni. Msingoje taa iwake. Mkifika kambini jua linapozama, mafuta yote yawe ndani ya tangi na jerikeni iwe tupu huko juu, mfuniko umefungwa.

Nina Land Cruiser ya dizeli, injini 1HZ, hema juu. Tangi lita 90. Nataka Bagamoyo – Saadani – Pangani – Tanga, nizunguke na hifadhini siku moja. Nibebe lita ngapi za ziada? – Dereva, Bagamoyo

Huenda usihitaji hata moja, lakini tupige hesabu. Njia hiyo ni kama kilomita 250. Ukiwa na hema juu na mizigo, kwenye mchanga na changarawe usitegemee zaidi ya kilomita sita kwa lita. Hapo ni lita 42. Kuzunguka hifadhini, tuseme kilomita 60 za mwendo wa polepole na gia nzito, kwa kilomita nne kwa lita: lita 15. Kusimama injini ikinguruma mkitazama wanyama, weka lita tatu. Jumla 60. Ongeza theluthi ya akiba, yaani 20. Unapata 80, na tangi lako ni 90. Jaza fulu Bagamoyo uondoke. Hifadhini usitegemee kupata mafuta, na Pangani ukikuta yapo ongeza, usiseme yatatosha.

Hizo kilomita sita ni za kwangu, za kwako zipime. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, endesha siku mbili tatu kwa mizigo ile ile utakayosafiri nayo, jaza tena kwenye sheli ile ile, kisha gawa kilomita kwa lita. Wengi mnapima gari likiwa tupu mjini, mnakuja kushangaa porini.

Wakati wa masika hesabu hii itupe. Kuna tope jeusi njia ile linaloweza kukufanya uchome lita kumi ndani ya kilomita tatu, na hapo tatizo lako wala si mafuta tena.

Taa ya mafuta ikiwaka nabaki na kilomita ngapi? – Kijana wa Muheza

Magari mengi madogo hubaki na lita tano hadi kumi, lakini mlimani au gari likiinama upande pampu inaweza kuvuta hewa mapema. Mshale ukigusa robo, kwangu mimi tangi limekwisha. Pampu za magari mengi ya petroli zimo ndani ya tangi na zinapozwa na mafuta yenyewe. Ukizoea kutembelea taa unaichoma pampu polepole, huku inavuta na uchafu uliotulia chini.

Fundi, mwenzangu alinyonya petroli kwa mpira ikamwingia mdomoni, akameza. Tulimpa maziwa. Amepona lakini anakohoa mpaka leo, siku ya nne. Tulikosea? – Kondakta, Tanga

Mlikosea, ndugu yangu, na ninakuomba umpeleke hospitali leo, usisubiri kesho. Mwambieni daktari wazi kwamba alinyonya petroli.

Hatari kubwa ya petroli iliyomezwa ni ile kidogo inayoponyoka kuingia kwenye mapafu. Ni nyepesi mno, inasambaa upesi, na kijiko kimoja tu kinatosha kuyaunguza mapafu na kuyavimbisha. Kikohozi ndiyo dalili yenyewe. Maziwa hayaui petroli. Yanaleta kichefuchefu, na mtu akitapika petroli inapita tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia kifuani. Kwa hiyo usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Asukutue kwa maji ateme, avue nguo zilizolowa, akae wima, apelekwe hospitali.

Nimewaona vijana wetu stendi wakifanya hivi kila siku, mpira mdomoni, shavu limetuna, wanatema pembeni wanacheka. Inaniuma. Pampu ya mkono ya kunyonyea, ile yenye puto la mpira katikati, ni kitu kidogo na haina gharama kubwa. Nunueni moja ikae kwenye gari.

Tunalala ndani ya Hiace. Joto la Tanga unalijua. Tukiacha AC inawaka usiku kucha itakula mafuta kiasi gani? – Baba wa mapacha, Tanga

Kama lita moja kwa saa, wakati mwingine zaidi. Usiku mmoja ni lita nane, na ndivyo wengi wanavyoamka na mshale uko chini wakidhani wameibiwa.

Lakini mzee, usilale na injini inanguruma, hata kama mafuta ni ya bure. Moshi wa gari una hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Bomba likiwa na tundu dogo, au gari likiwa limezama kwenye mchanga na nyasi zimeziba nyuma, hewa hiyo inapanda kupitia sakafuni na watu wanalala moja kwa moja. Watoto huwahi kudhurika. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ndiyo maana watu husema ni malaria. Ukiona watu wote ndani ya gari wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, hiyo si malaria. Zima injini, fungua milango, watoe nje, wapeleke hospitali. Jiko la mkaa ndani ya gari ni hewa hiyo hiyo.

Shona neti kwenye madirisha, funga feni ndogo ya volti 12 kwenye betri ya pili. Inakula umeme kidogo sana, na upepo wa bahari ukianza usiku mtajifunika.

Dizeli iliniishia karibu na Mkwaja. Nililetewa lita kumi, nikamimina, gari likakataa kuwaka. Nilipiga stata mpaka betri ikafa. Kosa liko wapi? – Dereva wa Pangani

Hewa imeingia kwenye mabomba. Dizeli ikiisha kabisa injini inavuta hewa, na stata peke yake haiitoi. Kwenye injini za zamani kama 1HZ kuna kitufe cha kupampu kwa mkono juu ya filta. Pampu mpaka kiwe kigumu chini ya kidole, huenda mara hamsini, ndipo upige stata. Usizidishe sekunde kumi kwa mara moja, ipumzishe dakika moja, rudia. Ikigoma, fundi analegeza nati za mabomba ya nozeli, mnapiga stata mpaka mapovu yaishe, anakaza. Hilo ni kwa injini za zamani tu. Dizeli za kisasa zina presha kali sana kwenye mabomba yale, inaweza kutoboa ngozi ya mkono, hizo usizilegeze.

Na ile dizeli ya kuletewa, siku nyingine imimine kwanza kidogo kwenye chupa safi ya kioo, isubiri robo saa. Kukiwa na maji utayaona yametulia chini, na mstari kati yake na dizeli.

Bomba la Chongoleani likianza, sisi watu wa Tanga si tutapata mafuta ya bei rahisi? – Msomaji, Tanga

Hapana. Bomba lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaleta mafuta ghafi ya kupakiwa melini. Sheli bado tutategemea yaliyosafishwa, na bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inayotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Ukisafiri wiki hiyo jaza mapema. Bei inaponukia kupanda, kuna vituo ghafla husema vimeishiwa.

Tunakwenda Lushoto na gari dogo la petroli. Rafiki kaniambia kushuka nizime gari niweke fri, nitaokoa mafuta. Kweli? – Mwalimu, Korogwe

Mwalimu, ninakusihi usifanye hivyo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita thelathini za kona, ukuta upande mmoja na bonde upande mwingine. Injini ikizimwa, usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu tu, baada ya hapo ni mguu wako peke yake. Wala huokoi chochote. Gari la sindano, yaani linalopuliziwa petroli kwa nozeli, likiwa kwenye gia, ukiondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta yake inakata petroli yenyewe. Likiwa fri na injini inanguruma ndipo linakula. Jaza Mombo kabla ya kupanda, kwa sababu kupanda ndiko kunakokula. Kushuka weka gia namba mbili, ondoa mguu, acha injini ilishike gari.