Nikibanwa, uhandisi ndio unaosubiri

Mmeuliza wiki hii: mwanafunzi aliyebeba fani mbili, muda ukimbana, apunguze ipi? Najua wengi watasema ipunguzwe ile isiyo na mshahara. Mimi nasomea uhandisi wa mitambo Makerere, na jioni najifunza muziki wa Kiganda kwa mzee mmoja upande wa Mengo ambaye sote humwita Jjajja, yaani babu. Nikibanwa, napunguza uhandisi.

Baba akisoma hapa ataguna. Ni mwanajeshi mstaafu, ametulea kambini kwa Kiswahili, na ada ya chuo inatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo Mzee, usipige simu kwanza, soma mpaka mwisho.

Uhandisi una huruma. Ripoti ya maabara naiandika hosteli Kikoni usiku wa manane, umeme ukikatika namalizia kwa tochi ya simu, asubuhi naikabidhi na hakuna anayejua niliianza saa ngapi. Hesabu iliyonishinda darasani, mwenzangu atanifafanulia Wandegeya tukisubiri roleksi, chapati ikiwa bado kwenye kikaango na muuzaji anakoroga mayai kikombeni. Notsi hazinuni zikilala kwenye begi. Wiki ya mtihani ikifika tunakesha, tunapita. Si jambo la kujisifia, ila ndivyo tunavyoishi, na wahadhiri wetu waliishi hivyohivyo.

Amadinda, marimba ya Kiganda ninayojifunza, haikubali kukeshewa. Ina mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na wapigaji ni watatu. Omunazi ndiye anayeanza. Omwawuzi hukaa ng'ambo yake na kuingiza mapigo katika nafasi zilizoachwa, moja lake moja la mwenzake, kwa kasi ambayo macho hayafuatilii. Omukoonezi ana mbao mbili tu, za juu kabisa: kazi yake ni kunasa sauti za mbao mbili za chini kabisa kila zinapojitokeza katika mchanganyiko ule na kuzirudia oktava mbili juu, yaani sauti zilezile zikiwa nyembamba zaidi. Mimi ni omwawuzi. Ugumu wenyewe ni kwamba pigo la mwenzako unalisikia lakini hulifuati. Unalishika lako kana kwamba ndilo la msingi, naye analishika lake vivyo hivyo. Ukimfuata tu, mmeanguka wote, na Jjajja anainua mkono bila neno.

Sasa niambieni, nisipokwenda Ijumaa, nani anaumia? Mtihani nikifeli, nafeli peke yangu. Huko Mengo wawili wanakaa mbele ya mbao wakitazamana. Wimbo wenyewe haupo kwa mtu yeyote kati yetu. Unasikika tu tukiwa pamoja. Jjajja ana mfano wa entenga, ngoma 15 za ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, zilizotaka wapigaji 6. Mwaka 1966 jeshi la serikali lilivamia ikulu pale Mengo, wanamuziki wakatawanyika, na muziki ule ukakaribia kutoweka kabisa. Ngoma unaweza kuchonga nyingine. Watu sita wanaojua kila mmoja sehemu yake na kuaminiana, hao utawatoa wapi? (Naandika haya nikiwa mtoto wa askari, nalijua hilo. Tumeshalizungumza nyumbani.)

Watu hupenda nikiwaambia kwamba fani zangu mbili zinasaidiana. Kweli ilitokea, tulipochonga mbao mpya za mti wa lusambya. Ubao ulio huru ncha zote mbili una sehemu mbili zisizotikisika, kila moja kwa asilimia 22 hivi ya urefu kutoka nchani, na hapo ndipo mgomba unapotakiwa kupita ili usimeze sauti. Nilikuwa nimeshaipiga hesabu kwenye daftari. Jjajja akaweka ubao, akaugonga, akausogeza kidogo, akagonga tena, akanyamaza. Nilipopima kwa rula tulitofautiana upana wa kidole. Kushusha sauti alikwangua chini ya tumbo la ubao, kuipandisha alikata nchani, na alikata kwa uchoyo, kwa sababu masafa, yaani wingi wa mitetemo kwa sekunde, hupanda kwa kinyume cha mraba wa urefu: ukifupisha ubao kwa asilimia 7 hivi umeshapanda hatua nzima ya Kiganda. Nikafungua programu ya simu inayopima sauti. Ikakataa karibu kila ubao, kwa kuwa imetengenezwa kwa ngazi ya piano yenye hatua 12 za senti 100 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti na sauti), na huku oktava imegawanywa hatua 5 zinazokaribia kulingana, kama senti 240 kila moja. Jjajja akaniambia niiweke mfukoni.

Ni mchana mzuri ule, lakini ni mchana tu. Siku nyingine zote fani hizi hazijuani kabisa. Vipindi vya asubuhi vinaanza nikiwa na malengelenge, na jioni ya mazoezi naingia kichwa kikiwa kimejaa mabomba na shinikizo la mvuke, sisikii kitu mpaka nusu saa ipite. Nauli ya boda kutoka Wandegeya nayo inakula chakula cha usiku. Fedha huja msimu wa kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba) na harusi, si za kumjibu nazo Baba akiuliza, ila kalikuleta nililinunua kwa hizo.

Jibu langu lina mpaka wake. Linafaa kwa mtu anayeishi karibu na wenzake. Likizo ijayo tunakwenda mafunzo ya viwandani, na nimeomba Karuma, kwenye bwawa la umeme la megawati 600, maana mwanafunzi wa mitambo akiitwa pale na asiende, hana alichokuja kusoma. Nikikubaliwa nitakwenda. Ndiyo maana tangu muhula uanze kuna kijana wa mwaka wa kwanza ninayekuja naye Mengo. Anajua nyimbo nne sasa. Kwenye ya tano bado anamfuata omunazi, na Jjajja bado anainua mkono.