Kabla ya kuomba, anza kushukuru

Ndugu yangu uliyeuliza kama maombi yanamsaidia kweli mtu anayeshtuka usiku moyo ukimwenda mbio, nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nilikuwa nauza vitenge Kariakoo, nikachukua mkopo wa riba kali, ule wanaouita kausha damu. Biashara ikalala, marejesho hayalali. Asubuhi moja nikiwa kwenye daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu, kifua kilibana, mikono ikafa ganzi, nikashuka Mtongani nikijua nakufa. Hospitali walipima moyo, mzima. Daktari akasema ni wasiwasi.

Kusali nilikuwa nasali, tena sana. Ila sala yangu ilikuwa kumhesabia Mungu madeni, na nikimaliza naamka pale na hofu kubwa kuliko niliyopigia magoti. Ndipo mama mmoja wa jumuiya yetu akanifungulia Wafilipi 4:6, panaposema tusijisumbue kwa lolote, bali kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zetu zijulikane na Mungu. Mstari naujua tangu kipaimara. Akaweka kidole kwenye maneno "pamoja na kushukuru", akasema, "Mwanangu, hapa huwa unaparuka." Akanikumbusha kwamba Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni.

Akanipa kazi: kabla ya kuomba chochote, taja mambo matano ya leo hii. Na asisikie "asante kwa uzima" peke yake, maana hilo mdomo unalisema wenyewe. Usiku wa kwanza nilihangaika. Maji ya bomba yametoka. Muuza uji kanikopesha kikombe. Umeme upo, feni inazunguka. Mwanangu kacheka hadi akapaliwa. La tano lilichelewa, nikasema: mama huyu kanisikiliza bila kunikemea. Nilipofika hapo pumzi ilikuwa imeshuka, nikaomba kuhusu deni kwa maneno machache tu.

Deni halikufutika. Nililipa kwa miezi kumi na minne, na kuna usiku nililia. Ila mstari wa 7 unasema amani ya Mungu itaihifadhi mioyo yetu, na neno la Kigiriki alilotumia Paulo ni la askari anayelinda mji. Hilo nimeliona kwangu: hofu ilikuwa bado inapita nje, lakini mlangoni palikuwa na mlinzi.

Na hospitali nenda, ndugu yangu. Watakuja watu kukuambia wasiwasi ni upungufu wa imani. Hilo limewaumiza wengi makanisani mwetu na linanikera sana. Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili. Mimi nilizungumza na mshauri mara kadhaa huku naendelea kusali, na sikuona kimoja kikimfukuza mwenzake.

Juzi nilishtuka tena, saa tisa usiku. Nikaanza na mvua iliyokuwa inapiga bati, nikaja kwa kaka aliyenibebea mzigo hadi kituoni, nikamtaja mwanangu. La nne silikumbuki, usingizi ulikuwa umenichukua.